MSTARI WA CHENI NA GIA ZA MBELE

(Mazungumzo ya Katibu kwa wanaushirika, ghalani, siku ya Jumamosi. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Nimeombwa niseme juu ya zile baiskeli sita za gia zinazobeba maziwa yetu. Halmashauri imeletewa pendekezo kwamba tununue ekseli ndefu za krenki kwa baiskeli zote sita, kwa kuwa mwenye duka anazo nyingi na bei yake ni nafuu. Mimi nasema tusinunue kabla ya kupima. Na mwenye baiskeli ya gia nyumbani kwake naye asikilize, maana jambo ni lile lile.

Baiskeli hizi zimetufikia zikiwa mtumba. Aina hii ilianzia California, Marekani, miaka ya 1970. Vijana wa huko walikuwa wakiteremka milimani na baiskeli nzito za zamani, halafu wakazitia gia ili waweze na kupanda. Hawakuwa na dumu la lita 20 kila upande! Sisi tunaitumia kwa kazi nyingine, basi lazima tuijue kwa kazi yetu.

Mbele, penye pedali, pana gia tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Nyuma za kwetu zina saba. Ukiweka mbele meno 42 na nyuma meno 14, ukizungusha pedali mara moja gurudumu linazunguka mara tatu. Hiyo ni ya tambarare. Ukiweka mbele 28 na nyuma 28, mara moja kwa mara moja, na hiyo ndiyo ya kilima cha mtoni mzigo ukiwa mgongoni.

Sasa, cheni inapenda kwenda moja kwa moja kama kamba ya kupimia shamba. Lakini gia tatu na gia saba haziwezi kulingana zote. Ndiyo maana waliounda wamechagua kipimo cha katikati, nacho ndicho mstari wa cheni: umbali kutoka katikati ya fremu mpaka kwenye meno ya gia ya kati ya mbele. Baiskeli nyingi za mlima zenye gia tatu mbele ziliundwa kwa milimita 47 na nusu au 50. Nyuma, ile gia ya nne katika saba iko kama milimita 45 kutoka katikati. Kwa hiyo hata ikiwa mpya, mbele huwa pametoka nje kidogo kuliko nyuma. Hawakukosea. Mbele panahitaji nafasi ya tairi, ya fremu, na ya kile chuma kinachosukuma cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Hicho nitakiita kisukumio.

Kupima si kazi ya fundi peke yake. Chukua rula. Pima unene wa bomba la kiti pale karibu na gia, ugawe kwa mbili. Kisha pima kutoka ubavu wa bomba hilo mpaka kwenye meno ya gia ya kati. Jumlisha. Baiskeli moja ambayo haijaguswa tuliipima juzi: bomba milimita 32, nusu yake 16, na kutoka ubavuni hadi kwenye meno 32. Jumla 48. Vizuri kabisa.

Tukapima na ile ambayo cheni yake ilikatika kilimani, lita 40 zikamwagika na kijana wetu akachubuka magoti yote mawili. Nusu ya bomba 16, mpaka kwenye meno 37. Jumla 53. Kumbe iliwahi kuwekewa ekseli ya 122 mahali pa 113. Ekseli iliyo sawa pande zote ikizidi urefu, nusu ya ziada huenda kulia na nusu kushoto. Ilizidi karibu 10, na gia zikatoka nje karibu 5.

Mtu atasema milimita 5 ni nini? Fanyeni hesabu nami, hata sisi tuliojifunza hesabu ukubwani tunaiweza. Gia ndogo ya mbele iko ndani ya ile ya kati kama milimita 8. Kwa baiskeli nzima, 48 toa 8 ni 40. Gia kubwa ya nyuma iko ndani ya ile ya nne kwa hatua tatu za milimita 5, yaani 45 toa 15 ni 30. Cheni inapinda kwa milimita 10. Kwa ile ya ekseli ndefu, 53 toa 8 ni 45, toa 30, inapinda kwa 15. Na hiyo ndiyo gia ya kupandia! Mahali penye uzito kuliko pote ndipo tulipoipinda cheni zaidi. Upande wa pili nako, kisukumio hakifiki tena gia kubwa ya mbele, mtu anavuta waya mpaka unakatika nyuzi.

Je, ekseli fupi ndiyo dawa? Hapana, nayo ina mwisho wake. Ukiivuta krenki ndani mno, gia ndogo inakwaruza fremu, au kisukumio kinagonga bomba la kiti kabla ya kuishusha cheni kwenye gia ndogo. Pia mkono wa krenki waweza kugusa fremu. Kwa hiyo tunatafuta ekseli iliyo fupi kadiri inavyowezekana, lakini gia isiguse na kisukumio kipate nafasi. Ikibidi kupoteza kitu, bora gia kubwa ya mbele isumbue kidogo, kwa sababu hiyo twaitumia tukirudi na madumu matupu.

Ekseli ikishakaa sawa, ndipo tuguse kisukumio, si kabla. Kiwe juu ya meno ya gia kubwa kwa milimita 1 hadi 3, na ubavu wake uende sambamba na gia. Weka cheni mbele ndogo, nyuma kubwa, legeza waya, kaza ile skrubu ya ndani mpaka ubavu wa ndani uachane na cheni kidogo tu, kama unene wa kucha. Kisha kaza waya, ndipo umalizie skrubu ya nje kwa gia kubwa. Wengi wetu huanza na bisibisi na kumaliza na bisibisi, na kasoro iko kwenye ekseli.

Na vijana, hili mnalijua lakini hamlifanyi. Kisukumio cha mbele kinasukuma cheni upande wa juu, ambao ndio unaovuta mzigo. Cha nyuma kinafanya kazi upande wa chini uliolegea. Kwa hiyo gia ya mbele ibadilishwe kabla ya kilima, miguu ikizunguka kwa wepesi. Ukisimama juu ya pedali katikati ya mlima na kuvuta waya, unaikata cheni kwa uzito wako mwenyewe. Cheni nazo zipimwe: nafasi 24 za pini hadi pini ni inchi 12, ikizidi kwa 1/16 ya inchi ibadilishwe kabla haijala gia.

Basi Jumatatu, maziwa yakishaondoka, baiskeli zote sita ziletwe ghalani. Tutaandika kipimo cha kila moja kwenye daftari pamoja na namba ya ekseli, ambayo mara nyingi imeandikwa juu yake. Halmashauri itaagiza ekseli kwa ile inayohitaji, kwa urefu unaotakiwa. Chombo cha kuvutia krenki tutaazima kwa fundi wa barabarani. Hizi si krenki za zamani zenye pini, msije na nyundo.