MABATI YA NAMBA THELATHINI

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafanyakazi wengine huko Ndanai



Tumeitwa tuseme juu ya fedha za serikali zinazojenga madarasa, na juu ya sheria zinazofuatana na fedha hizo. Tulipokuwa tukingoja pale nje tuliwasikia wengine wakiulizana, tangu lini watu wa reli wakaingia mambo ya shule, na hapa Ndanai hata honi ya gari la moshi haisikiki. Swali hilo ni la haki. Sisi tunafanya kazi mbali, lakini tumezaliwa huku na watoto wetu wanasoma huku. Tena tuna kosa la kuungama, nasi twaona afadhali mlisikie kwetu kuliko mlisikie sokoni.

Baadhi yetu tulichaguliwa na wazazi kukaa katika kamati ya mradi wa shule moja ya upande huu. Fedha zilitoka, msingi ukachimbwa, kuta zikapanda, linta ikamwagwa. Karatasi ya vipimo na bei ilisema paa liezekwe kwa mabati ya geji 28. Lori lilipofika, mabati yalikuwa yameandikwa 30. Wenzetu wakatugeukia sisi wa reli, kwa kuwa watu wa reli hudhaniwa kujua chuma. Nasi tukajibu upesi kama watu wanaojua. Kwetu, reli ikiwa na namba kubwa ndiyo nzito. Njia ya kwanza iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa ya reli za ratili 50 kwa yadi, na baadaye zikaja za ratili 80, na kila mtu wa genge aliyewahi kuzibeba begani ajua tofauti yake. Basi tukasema, 30 ni zaidi ya 28, mwenye duka ametupendelea. Tukatia sahihi.

Ndugu, kwa mabati hesabu hurudi nyuma. Namba ikipanda, bati huwa jembamba. Tulikuwa tumelipia bati nene tukapokea jembamba, na sahihi zetu ziko pale mpaka leo. Mvua ya mawe ninyi mwaijua kuliko sisi, maana ndiyo inayowapigia majani ya chai. Ilipokuja, mabati yalibonyea, misumari ikalegea, maji yakaingia mpaka kwenye madawati. Watoto wakarudishwa darasa la zamani, la udongo. Halafu wazazi wakaitwa mkutano kuchanga fedha za kutengeneza paa ambalo lilikuwa limekwisha lipiwa.

Hakuna aliyetuibia usiku. Karatasi ilikuwa mkononi mwetu mchana kweupe, ila hatukuisoma.

Kwa hiyo leo twataka tusomeane. Fedha zinazojenga madarasa ya shule za msingi na za sekondari huku kwetu, nyingi zimetoka katika Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, ambao ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sheria ilisema Bunge litenge fungu lisilopungua asilimia mbili na nusu ya mapato ya serikali. Sheria ya pili ilitungwa mwaka 2013, na Mahakama ya Juu ikaibatilisha Agosti 2022. Wakati huo sheria ya tatu, ya mwaka 2015, ilikuwa imekwisha kushika mahali pake. Nayo ikapelekwa mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema haipatani na Katiba, ikaweka tarehe 30 Juni 2026 kuwa mwisho wa mfuko. Rufaa ikakatwa, na Julai 2025 Bunge la Taifa likapitisha mswada wa kuuingiza mfuko ndani ya Katiba yenyewe. Twayasema haya kwa sababu wako watu wanaopita wakisema, mfuko una kesi, basi hakuna haja ya kuuliza hesabu. Hilo si kweli. Jina la mfuko laweza kubadilika, lakini shilingi ya umma hubaki shilingi ya umma. Kifungu cha 201 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka fedha za umma zitumiwe kwa uwazi na wananchi washirikishwe. Kifungu cha 226 ni kikali zaidi: mwenye ofisi ya umma akiidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria, hasara iliyopatikana ni juu yake, naye atailipa, awe amebaki kazini au ameondoka.

Katika sheria ya 2015 yako mambo ambayo mwanakijiji aweza kuyashika bila kuwa wakili. La kwanza ni kwamba mfuko huo ulipewa kazi za serikali ya taifa tu. Shule ya msingi na sekondari imo. Darasa la watoto wadogo wa chekechea halimo, kwa maana Katiba iliwapa kaunti kazi hiyo, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo mzazi akimwendea mbunge kuomba darasa la chekechea, amegonga mlango usio wake, aende Bomet kwa kaunti. Tumeona watu wakizungushwa mwaka mzima kwa kutojua jambo hili dogo.

Jambo jingine, fedha zikiidhinishwa kwa mradi fulani, ni za mradi huo. Haziwezi kuhamishwa kwenda kujenga lango la shule, au kupaka rangi ofisi ya mwalimu mkuu, mpaka Bodi ya mfuko iliyoko juu ikubali. Sisi katika reli twaelewa hili bila kufundishwa. Katika njia moja, dereva hatoki stesheni mpaka amepewa ruhusa ya njia, hata kama aona kwa macho yake mbele ni kweupe na abiria wanapiga kelele. Na fedha zikibaki baada ya kazi kwisha, zarudi katika akaunti ya eneo bunge, wala si za kugawana kama soda za mkutano.

Hata fedha za masomo zina mipaka yake. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, kila mtoto aliwekewa shilingi 1,020 kwa mwaka, na shule ikafunguliwa akaunti mbili. Shilingi 650 ziliingia akaunti ya vitabu na vifaa, nayo ikaitwa SIMBA, na 370 zikaingia akaunti ya matumizi mengine. Aliyetunga jina hilo la SIMBA twampa heko, kwa sababu wazazi walilishika mara moja: simba huyu hula vitabu na chaki, hali simiti.

Sasa tufike kwenye ununuzi, maana ndipo mchwa wanapokaa. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inakataza kuikata kazi moja vipande vipande ili kila kipande kionekane kidogo na kukwepa zabuni. Pia inamkataza mtu mwenye faida yake katika biashara kukaa mezani kuiamua. Hapa tutasema jambo ambalo baadhi yetu hawatalipenda. Mmoja wetu, mwanachama mwema, mlipaji wa ada asiyechelewa, alikaa kwenye kamati huku mkokoteni wake ukileta mchanga shuleni. Hakuongeza bei. Mchanga wake ulikuwa safi. Hata hivyo alikuwa amekosa, kwa sababu siku mchanga ungekuja na udongo, nani angeukataa? Tulimwambia achague, kamati au mkokoteni. Alikasirika, akachagua mkokoteni, na leo anatuuzia sote bila mtu kumnong'ona.

Wengine husema sheria hizi ni za kuwachosha watu, na kwamba wazee wetu baada ya Uhuru wa 1963 walijenga shule kwa harambee bila karatasi nyingi. Ni kweli walijenga, nasi twawaheshimu. Lakini katika harambee mtu aliyeuza ndama wake alikuja mwenyewe kila jioni kuangalia ndama amefika wapi katika ukuta. Fedha za serikali hazina mtu wa kuziangalia jioni, ingawa ni ndama yule yule, amekatwa katika mshahara wetu na katika kila pakiti ya sukari tunayonunua. Tena wajenzi wakikosea, ni watoto wanaolipa. Tarehe 23 Septemba 2019 darasa liliporomoka katika shule ya Precious Talent huko Nairobi, na wanafunzi 8 wakafa. Ile ilikuwa shule ya mtu binafsi, lakini ukuta mbovu hauulizi mwenye shule ni nani.

Na sasa neno la chama hasa. Katika mradi ule wa mabati, vibarua wanane waliochimba msingi hawakulipwa wiki mbili za mwisho. Mwenye kandarasi alipokea malipo yake yote akaenda zake. Vibarua wakaja kwa kamati, na kamati, yaani sisi, tukawaambia mkataba si wetu na ninyi. Tulisema hivyo sisi ambao kazini kwetu mshahara ukichelewa siku tatu twaita mkutano! Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kibarua wa siku alipwe mwisho wa siku. Akiendelea kazi siku zinazofuatana mpaka zifike mwezi, yeye si kibarua tena bali ni mwajiriwa mwenye haki zake. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake, hata yule anayebeba maji ya kuchanganyia simiti.

Kwa hiyo twataka wanachama wetu wote walio katika kamati za shule washike jambo hili: malipo ya mwisho ya mwenye kandarasi yasitiwe sahihi mpaka ameleta daftari la mishahara, na vibarua wenyewe wameitwa waseme wamelipwa. Hilo laweza kuandikwa katika mkataba tangu mwanzo, kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Yule asiyetaka kuliandika, mtakuwa mmemjua mapema, na mapema ni rahisi.

Mmoja wenu ameuliza, tutajuaje yaliyo katika karatasi ikiwa tunafukuzwa ofisini? Kuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Raia aweza kuomba habari kwa ofisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, twarudia, kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika ofisa hana budi kumsaidia ombi lake liandikwe. Kuomba hakulipiwi, hulipiwa gharama ya kutoa nakala tu. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ikikataa au ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala. Tena, kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua fedha za kila eneo bunge, na taarifa yake si siri. Sotik ni mojawapo. Kijana mwenye simu nzuri aweza kuitafuta akawasomea wazee chini ya mti, na itakuwa kazi bora kuliko kuwasomea habari za mpira, ingawa hatuukatai mpira.

Kuhusu paa lile, hatukungoja. Tumeandika barua kwa Kiswahili, kurasa mbili, tukiomba nakala ya karatasi ya vipimo, ya mkataba, ya hati ya kupokea mabati na ya malipo yote. Katika hati ya kupokea mtayakuta majina yetu, nasi tumeliandika hilo katika barua, ili asije mtu akadhani tunamchimba mwenzetu. Vibarua wale wanane tumewaandikia barua yao mbali, ya kwenda kwa ofisa wa kazi.

Barua zote mbili ziko mezani hapa. Wazazi wa shule ile watie sahihi ya kwanza upande wa kushoto, vibarua kulia, na asiyejua kuandika wino wa kidole upo. Lakini msitie sahihi kama tulivyotia sisi. Katibu atazisoma zote mbili kwa sauti, mstari kwa mstari, na mwenye kuona neno lisilo kweli aseme kabla hatujafunga bahasha.