Mipango ya Miji na Kanda kama Fani ya Pili: Rai kutoka Bonde la Kilombero



Nimetakiwa nitoe rai yangu juu ya faida aipatayo mwanafunzi wa utabibu, wa kilimo au wa ualimu, akitwaa mipango ya miji na kanda iwe fani yake ya pili, yaani masomo machache anayoyasoma kando ya yale yaliyomleta chuoni. Jawabu langu ni kwamba faida hiyo ni kubwa, na ushahidi wake hauko mbali nasi, maana unaanzia penye Mto Lumemo.

Mto huo hushuka kutoka milima ya Udzungwa, ukaupitia mji wa Ifakara kabla ya kuungana na Kilombero, na masika yakizidi hufurika hata maji yakaingia katika nyua za watu. Lakini maji ya namna hiyo hiyo, yakitandaa bondeni, ndiyo yanayoupa mpunga rutuba na samaki mahali pa kuzalia, hata ikawa neema ya shambani ni nakama ya mjini. Mtaalamu ambaye fikira zake zimekomea kwenye mpaka wa mji ataamuru tuta lijengwe pasipo kuuliza maji anayoyafukuza yatamfikia nani. Bali yule alitazamaye bonde zima, ambalo tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar, na ambalo maji yake huteremka Rufiji hadi Bwawa la Mwalimu Nyerere, hatathubutu kuchora mstari mmoja kabla ya kuuliza. Hiyo ndiyo maana ya neno kanda katika jina la fani hii, nami nakiri kwamba nalipenda kuliko neno mji.

Mwanafunzi wa utabibu aweza kusema kwamba hayo hayamhusu. Ifakara, yenye maabara ya utafiti wa maradhi tangu miaka ya 1950 na leo yenye chuo cha udaktari, ni mahali pa mwisho pa kusema hivyo. Wakulima wengi wa bonde hili wana nyumba kijijini na kibanda shambani, na msimu wa mpunga ukifika huhamia huko wao na watoto wao, mbali na zahanati na karibu na mbu. Daktari aliyefunzwa kusoma ramani ya makazi, na kujua kwamba makazi yana msimu kama mazao, atatambua kwa nini homa inawapata watu wale na kwa nini wanachelewa kumfikia.

Fauka ya hayo, iko sheria. Sheria ya Mipangomiji na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, zote za mwaka 2007, hazikumwachia mtaalamu kazi hii peke yake. Halmashauri ya kijiji ni mamlaka ya kupanga, na mpango wake sharti upite mbele ya mkutano wa wanakijiji. Chuo Kikuu Ardhi hutoa wataalamu, na kazi yao naistahi sana, lakini hawawezi kuketi katika kila kijiji. Aghalabu wanaoketi huko, mkulima na mfugaji wakigombea malisho na mashamba, ni bwana shamba, mwalimu na mganga. Hao wakiwa hawajui kuisoma ramani iliyotandazwa mezani, nani atawasomea wazee?

Kwa hiyo naomba masomo haya, yatakapoanzishwa, yasifundishwe darasani tu wala wakati wa kiangazi ambapo ardhi yote hufanana. Wanafunzi na waufuate Lumemo kwa miguu mwezi wa Aprili, wakiongozana na wazee wanaokumbuka mafuriko yaliyopita yalifika ukuta gani, nao wapime na kuandika maji yangali yamesimama.