SHUKRANI KWA NAFUU YA MGONJWA WA AKILI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyempambanua mwanadamu na wanyama kwa akili, na ambaye humwondolea akili hiyo amtakaye kwa muda autakao, kisha akamrudishia. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mliohudhuria hapa Lisekese na mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Yeye.

Ndugu Waislamu, katika kitabu kidogo cha fiqhi cha Abu Shujaa, ambacho wanafunzi wa madhehebu yetu ya Kishafii hukisoma wangali wadogo, yametajwa majosho ya sunna. Limo josho la Ijumaa, ambalo wengi wetu tumelioga asubuhi ya leo. Yamo majosho ya Idi mbili, na la mtu anayesilimu. Na katika orodha hiyo hiyo limo josho la mwendawazimu anapozindukana. Watoto hulihifadhi wakalipita, wala hawaambiwi jambo kubwa lililomo humo, kwamba siku akili inapomrudia Mwislamu imewekewa josho kama siku ya Idi.

Msingi wa hukumu hii umo katika habari aliyoisimulia Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi. Mtume, rehema na amani zimfikie, katika maradhi yake ya mwisho alizidiwa mpaka akazirai. Alipozindukana aliuliza kama watu wamekwisha swali, akaambiwa wanamngoja. Akataka maji, akaoga, akajaribu kuinuka, akazirai tena. Alipozindukana mara ya pili alioga tena. Na mara ya tatu vile vile. Ndipo akaamuru Abu Bakari aswalishe. Baada ya siku kadhaa alipojihisi ana wepesi kidogo, alitoka kwenda kuswali adhuhuri huku ameshikwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja huku.

Tazameni, ndugu zangu. Hakungoja kupona ndipo aoge. Kila kuzindukana alikupa heshima yake, ijapokuwa kulifuatwa na kuzirai kwingine. Na alipotoka, hakutoka peke yake.

Nafuu ya maradhi ya akili haiji kwa kishindo. Mtu aliyekuwa hapati usingizi, usiku mmoja amelala mpaka adhana ya alfajiri. Mama ambaye tangu kujifungua alikuwa hasemi na mtu, ameomba maji ya kumwogesha mwanawe. Kijana aliyekuwa akizunguka barabarani akisema peke yake, msimu huu amepulizia salfa mikorosho kumi, kisha akarudi nyumbani kwa wakati. Majirani wakiyaona haya husema, "Ngojeni, kitampanda tena." Huenda kweli kikampanda. Lakini mikorosho kumi imekwisha puliziwa, na neema hiyo inastahiki shukrani leo. Jamaa zake wana sajda ya shukrani, ambayo ni sunna neema inapozuka. Na wanachuoni wetu wameongeza adabu moja. Mtu anayesujudu kwa kushukuru kwamba yeye ameepushwa na balaa aliloliona kwa mwenziwe, basi na aifiche sajda hiyo, asije akamvunja moyo mgonjwa. Ikiwa hata sajda hufichwa, itakuwaje dhihaka? Hospitali ya Mirembe iliyoko Dodoma imewatibu wagonjwa tangu miaka ya 1920, nasi tumeligeuza jina lake kuwa tusi la kutaniana vijiweni.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi. Mtume ametuamrisha tujitibu, na akatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Vidonge vya kila siku na sindano ya kila mwezi ni katika dawa hizo. Msimkataze mgonjwa kwa kumwambia kwamba amekwisha pona, au kwamba imani yake haba. Aghalabu ni dawa hiyo iliyomfikisha alipofika, na kuikatiza ni shauri la daktari. Ama nani kamloga nani, si mada ya leo, na laiti isingekuwa mada ya siku yoyote.

Yupo mwingine amepata nafuu, naye anaogopa kurudi msikitini kwa kudhani anadaiwa sala za miezi yote aliyougua. Na ajue kwamba, madhali hakujiletea hali ile kwa ulevi, sala zilizopita wakati akili imemwondoka si deni juu yake. Ile ambayo akili imemrudia wakati wake ungalipo, hiyo na aiswali.

Limebaki jambo zito, nalo ni mali. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 5 na ya 6, ameamrisha wasioweza kusimamia mali walishwe na kuvishwa humo, na waambiwe maneno mema. Na mayatima wajaribiwe, wakionekana wana busara, warudishiwe mali yao. Na katika madhehebu yetu, zuio la mali ya mwendawazimu huondoka kwa kuzindukana kwake tu, bila ya kungoja hukumu ya kadhi. Ninyi mnaojua ya mashamba mnanielewa. Ndugu ameugua, kaka akalishika shamba, akalipalilia. Hilo ni jema na lina thawabu. Sasa ndugu amepata akili, na mwaka wa tatu huu korosho bado zinakwenda ghalani kwa jina la kaka, na malipo yanaingia kwa kaka. Akidai, huambiwa wazimu umemrudia. Hiyo ni dhuluma, hata ikiitwa ulinzi. Mwenye shamba la nduguye na alirudishe kabla ya msimu kufunguliwa, na kama bado pana wasiwasi, aanze kwa sehemu, amjaribu kama aya ilivyoelekeza.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape utulivu wanaowauguza, na tujaalie kuwa miongoni mwa wanaowashika mkono wanapotoka.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.