Fundi wa Mahema Katika Mji wa Wageni

Neno letu leo linatoka Matendo ya Mitume, mlango wa 18, aya ya 1 hata ya 11. Aliye na Biblia karibu na afungue. Aliye jikoni au ndani ya matatu na asikilize tu.

Paulo ametoka Athene, amefika Korintho. Yu peke yake, maana Sila na Timotheo wako bado Makedonia. Hana nyumba wala jamaa katika mji ule. Kitu cha kwanza tunachosimuliwa si mahubiri. Tunasimuliwa kwamba alipata watu wa kazi yake, Akila na Prisila mkewe, mafundi wa mahema, akakaa kwao, akashona pamoja nao. Siku ya sabato alikwenda sinagogi. Siku nyingine alishika sindano.

Ni vizuri kuujua mji wenyewe. Warumi waliubomoa Korintho mwaka 146 kabla ya Kristo, ukabaki magofu karibu miaka 100, hata Julio Kaisari alipoamuru ujengwe tena, mwaka 44 kabla ya Kristo. Wengi waliopelekwa kuukalia walikuwa watumwa waliopewa uhuru wao. Mji ulikaa karibu na shingo nyembamba ya nchi, kati ya bahari mbili, bandari ya Lekeo upande mmoja na Kenkrea upande wa pili. Vyombo vingine vilivutwa juu ya nchi kavu kutoka bahari moja hata nyingine, visizunguke rasi ya kusini yenye dhoruba. Kwa hiyo ulikuwa mji wa mabaharia, wachuuzi, askari na vibarua, na ukimwuliza mtu kwao ni wapi, mara nyingi angekutajia mahali pengine.

Sisi wa Theta tunaujua mji wa namna hiyo. Simama Juja au Ruiru saa kumi na mbili jioni, utawaona wachonga mawe wanarudi kutoka machimboni na vumbi jeupe kichwani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na wafanya kazi wa viwandani wakishuka kutoka upande wa Thika. Mwulize mmoja kwao ni wapi. Atasema Kitui, au Busia, au Kisii, ingawa amelipa kodi ya chumba kile kile miaka kumi. Na watoto wetu wenyewe nao wameondoka. Katika ibada zetu siku hizi tunawaombea walioko Doha, Dubai na Riyadh, kama vile zamani tulivyowaombea walioko Mombasa.

Watu hawa wote wana usemi mmoja: "Niko hapa kwa muda tu." Usemi huu nataka tuutazame, kwa maana unaweza kumla mtu.

Mama mmoja wa kanisa letu alifanya kazi ya nyumbani huko Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili. Alibandika kalenda ukutani, akawa anafuta siku moja moja kwa kalamu. Katika chumba kile alilala pamoja na dada mmoja wa Ethiopia. Alinieleza kwamba miezi minane hakuuliza hata jina la yule dada, kwa kuwa aliona haina haja. Wote ni wapita njia. Kisha akashikwa na homa. Aliyemletea maji usiku, na kumfanyia kazi zake asubuhi ili asikatwe mshahara, ni yule dada. "Mchungaji," akaniambia, "nilikuwa nazifuta siku kana kwamba si siku zangu."

Paulo hakuzifuta siku. Na tukumbuke, hakujua zitakuwa ngapi. Sisi tunasoma kwamba alikaa mwaka mmoja na miezi sita, kwa sababu Luka alikwisha kuandika. Yeye alijua ya kesho tu. Jirani yetu wa Gatundu, Mzee Jomo Kenyatta, alipopanda meli mwaka 1931, alitumwa na chama cha KCA kupeleka Uingereza malalamiko ya mashamba. Alirudi mwaka 1946! Katikati ya hapo alisoma, akaandika kitabu, akamsaidia mwalimu wa London, Lilias Armstrong, kuchunguza matamshi ya Kikikuyu, akaonekana kama mwigizaji mdogo katika filamu ya mwaka 1935, na wakati wa vita akafanya kibarua cha shamba huko Storrington. Rais wetu wa kwanza alishika jembe la mzungu huko huko kwa mzungu. Kama angekaa miaka kumi na mitano akingojea tu meli ya kurudi, angerudi na nini?

Hapa sharti niseme neno jingine, nisije nikaeleweka vibaya. Simwambii binti anayepigwa, au aliyenyang'anywa pasipoti yake, kwamba atulie na kuuzoea mji. La, hasha. Paulo mwenyewe alishushwa ukutani ndani ya kapu huko Dameski, akatoroka usiku. Kuna mahali pa kukaa, na kuna mahali pa kuondoka upesi, na kanisa lisitumie jina la uvumilivu kufunika udhalimu.

Sasa tumtazame Akila. Huyu mwenye nyumba naye alikuwa mgeni! Asili yake ni Ponto, alikuwa akikaa Rumi, na Kaisari Klaudio alikuwa ameamuru Wayahudi watoke Rumi. Alikuwa ameingia Korintho juzi juzi. Wala hakusema, "Ngoja kwanza nami nitulie." Alisogeza mikeka, Paulo akapata pa kulala. Wapendwa, wako wenye vyumba vya kupangisha hapa kwetu ambao wamempokea mgeni kodi yake kila mwezi na hawajampokea yeye hata siku moja.

Na jambo la mwisho, ambalo wengi hulipita. Sila na Timotheo walipofika kutoka Makedonia, Paulo alipata nafasi zaidi ya kulihubiri neno. Kwa nini? Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, mlango wa 11, anaeleza kwamba ndugu waliotoka Makedonia walimtimizia mahitaji yake. Yaani waliobaki nyuma walimtumia aliyesafiri! Kwetu mambo yamegeuka. Simu ikilia huko Doha, ni karo, ni mabati, ni matanga. Ni nani aliyempigia kijana wake kumwuliza amekula nini, na analala na nani chumbani, na kama amepata mahali pa kusali? Huko Doha kuna kanisa la Kianglikana, na ibada kubwa huwa siku ya Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Saudi Arabia hakuna kanisa hata moja, na aliye huko atategemea sana ile simu ya nyumbani.

Kwa hiyo, kabla mtu hajaenda uwanja wa ndege, wazee wa kanisa waandike jina lake, anwani ya anakokwenda na nakala ya pasipoti yake, viwekwe nyumbani kwa mtu mwaminifu. Wachaguliwe watu wawili wa kumpigia simu kila mwezi, wasioomba pesa. Na Jumapili hii, kila mmoja wetu amtafute jirani mmoja wa chumba cha kupanga, amwulize jina lake na la mama yake.

Tuombe. Ee Bwana, uwaangalie walio safarini usiku huu kuelekea kazini katika nchi wasiyoijua, na yule anayefungua chumba kipya hapa Theta, naye hana wa kumpikia chai. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.