Damu ya Fizi Tusiipuuze: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Kata ya Suma, Rungwe



Leo, tarehe 20 Machi, ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani. Mimi kama daktari wa meno nina ombi moja: fizi ikitoa damu, njooni mapema.

Wengi wetu tukiona damu kwenye mswaki, tunaacha kupiga mswaki sehemu ile. Utando wa vijidudu unabaki pale pale, unakuwa ugaga mgumu ambao mswaki hauubandui. Fizi inaachana na jino, mfupa unaolishikilia unaliwa taratibu, jino linaanza kucheza. Mfupa ukishaliwa haujirudishi wenyewe.

Ndugu wananchi, tiba ipo. Fizi ikiwa imevimba tu, ugaga unakwanguliwa, nawe unapiga mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floridi. Fizi inapona kabisa. Ugonjwa ukishashuka chini ya fizi, mgonjwa anachomwa ganzi, mizizi ya meno inasafishwa. Isipotosha, fizi inafunguliwa kwa upasuaji mdogo. Kung'oa ni hatua ya mwisho. Maji ya chumvi yanatuliza tu, na vidonge vya duka la dawa haviondoi ugaga.

Wapo wanaosema kukwangua ugaga kunalegeza meno. Sivyo. Jino lilikuwa limelegea tayari, ugaga ukalishikiza. Ukitolewa, ulegevu unaonekana. Fizi ikipona, hukaza.

Wenye kisukari, msikilize kwa makini. Sukari isiyodhibitiwa huharibu fizi, na fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Anayevuta sigara naye hupona kwa shida, aache. Mama mjamzito ambaye fizi zake zimevimba asiogope kutibiwa.

Wahudumu wa zahanati, mgonjwa akilalamika damu ya fizi, mpeni rufaa kwenda Hospitali ya Makandana, Tukuyu, jino likiwa bado imara. Walimu, wafundisheni watoto kupiga mswaki kabla ya kulala.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba upimaji wa kinywa na meno hapa Suma umefunguliwa rasmi. Karibuni mezani, wazee watangulie.