Maana ya "Tangazo" na "Udhibiti" katika Maneno ya Sheria

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na makarani, Kagunga, Mkoa wa Kigoma)



Tumetakiwa kusema juu ya maneno mawili ambayo kila mmoja wetu huyaandika pengine mara kumi kwa juma, nayo ni "tangazo" na "udhibiti". Huenda mtu akauliza, karani aliye kando ya ziwa ana shughuli gani na maana za maneno, hali mahakimu wapo na mawakili wapo? Jibu letu ni hili: hakimu hulikuta neno mwisho wa safari yake, bali karani hulipokea mwanzo. Karani ndiye aandikaye karatasi inayobandikwa ubaoni, naye ndiye amwelezaye mwenye duka kile anachoagizwa na sheria. Akilipotosha neno, asiye na hatia atatozwa faini, na mwenye hatia atakwenda zake akicheka.

Tena jambo hili limezidi uzito tangu mwaka 2021. Mwaka huo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Na. 1, iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Zamani karani aliweza kujitetea kwamba maneno yenyewe yamo katika Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha kueleza tu. Kinga hiyo inaondoka. Neno la Kiswahili sasa ndilo litakalopimwa.

Na tuanze na "tangazo". Katika lugha yetu neno hili limebeba mizigo mitatu. Serikali ikitoa amri kwa watu wote, twaita tangazo. Ofisi ikiwaarifu watu saa ya mkutano, hilo nalo ni tangazo. Mfanya biashara akisifu sabuni yake ili inunuliwe, twaita tangazo vile vile. Waingereza wana neno mbali kwa kila moja, wala hawayachanganyi katika sheria. Sisi hatuna budi kutofautisha kwa maelezo.

Tukumbuke mwezi wa Mei, 2015, walipoingia hapa Kagunga wakimbizi wa Burundi maelfu kwa maelfu, wakangoja ufukoni kuvushwa kwa meli ya Liemba mpaka Kigoma, na kipindupindu kikawashika. Karatasi yenye kuwaambia watu wachemshe maji ilikuwa ya kuarifu. Lakini tuseme mtu angebandika kando yake karatasi ya kusifu dawa anayoiuza, kwamba yaponya kipindupindu. Hiyo ingekuwa ya biashara. Zote mbili zingeitwa tangazo, walakini ya kwanza ni wajibu, na ya pili yaweza kuwa kosa.

Basi sheria hupimaje? Mfano mmoja wa Uingereza watufaa sana. Iliwekwa huko sheria mwaka 1959 ya kukataza visu vya kufyatuka, nayo ilisema mtu asiviuze, asivikodishe, wala asitoe ahadi ya kuviuza. Katika mji wa Bristol mwenye duka aliweka kisu cha namna hiyo dirishani pamoja na bei yake. Akashitakiwa, akashinda. Katika shauri hilo, liitwalo Fisher na Bell, lililokatwa mwaka 1960, majaji walisema kwamba kwa kanuni za mapatano kitu kilichowekwa dirishani ni mwaliko tu: mnunuzi ndiye atoaye ahadi, na mwenye duka hukubali au hukataa. Majaji waliona wazi kwamba jambo hilo halikupendeza, walakini hawakuona kuwa ni kazi yao kuziba pengo katika sheria iliyotungwa na Bunge. Bunge lenyewe ndilo lililoziba, mwaka 1961, kwa kuongeza maneno ya kukataza kuonyesha kisu ili kiuzwe, au kuwa nacho kwa nia hiyo.

Ndugu zetu, tuonje funzo hilo. Watu wote wa Bristol walijua duka lile linauza visu. Akili ya kawaida ilisema ni kosa; maneno ya sheria yalisema si kosa; na maneno ndiyo yaliyoshinda.

Ndiyo sababu watunga sheria wa siku hizi huweka mwanzoni kifungu cha tafsiri, wakieleza neno hili maana yake ni hii. Mfano mzuri ni Mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya Udhibiti wa Tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2005. Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Katika ibara yake ya kwanza maneno yetu mawili yameelezwa yote mawili.

Juu ya kutangaza tumbaku, Mkataba haukutazama karatasi na redio peke yake. Umeshika kila namna ya kupasha habari kwa biashara, kila pendekezo na kila tendo, ikiwa nia yake, au matokeo yake, au matokeo yanayoelekea kuja, ni kuikuza tumbaku au matumizi yake, kwa njia ya wazi au ya kuzunguka. Angalieni neno "au". Mtu hawezi kuokoka kwa kusema hakunuia, ikiwa tendo lake laelekea kuleta matokeo hayo. Tuseme kibanda sokoni kimepewa mwavuli wenye rangi na alama ya sigara, bila neno hata moja la kusifu. Kwa akili ya kawaida huo ni mwavuli wa kuzuia jua. Kwa kipimo cha Mkataba ni tangazo.

Lakini karani asikimbilie hapo kumtoza mtu faini. Mkataba huzifunga serikali. Mwenye kibanda hufungwa na sheria ya nchi yake. Kwetu ipo Sheria ya Kusimamia Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, iliyokataza pia kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Basi kwanza fungua sheria ya nchi, usome tafsiri yake, kisha usome kifungu cha kosa. Mkataba hukuonyesha sheria inaelekea wapi; hauwi badala yake.

Sasa tuje kwenye "udhibiti". Neno hili nalo lina hatari yake, kwa kuwa watu wengi wakilisikia hudhani ni marufuku. Sivyo. Mkataba waeleza kuwa udhibiti wa tumbaku ni jumla ya mipango juu ya upatikanaji wake, juu ya haja ya watu kuitaka, na juu ya kupunguza madhara, ili afya ya watu iwe bora. Tumbaku hulimwa kwa halali katika nchi yetu, na Tabora ni mkoa wenye sifa kwa zao hilo. Karani atakayemwandikia mkulima kwamba "tumbaku imedhibitiwa", bila kueleza kipi kimekatazwa na kipi kimeruhusiwa kwa sharti, atamtia hofu ya bure.

Tena kuna udhibiti wa namna nyingine, yaani kuwa na kitu chini ya mamlaka yako. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yaeleza kwamba kuwa na kitu si kukishika mkononi tu. Mtu anacho hata kikiwa kwa mwingine, naye akijua. Kwa watu wa mashua jambo hili ni kubwa. Mzigo uliofungwa gunia, mwenyewe yuko Kigoma, nahodha ameuchukua: ni wa nani mbele ya sheria? Jibu hutegemea kujua. Kwa hiyo karani aandikapo maelezo, asiandike "alikutwa na mzigo" akanyamaza. Aandike nani aliupakia, na nani alijua kilichomo.

Twakaa mpakani, na ziwa letu lina nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kila moja ina vifungu vyake. Hata majirani wa Afrika Mashariki hawafanani: Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, yakataza kuuza sigara katika pakiti ya chini ya sigara kumi, Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, imeweka umri wa miaka 21. Makampuni ya tumbaku yalizipinga kanuni za Kenya na sheria ya Uganda mahakamani, na katika nchi zote mbili yalishindwa mwaka 2019. Basi maneno ya mfanya biashara kwamba "ng'ambo waruhusu" si hoja upande huu, wala yetu si hoja kwake.

Mwisho, twawaomba wenzetu washike mambo matatu. La kwanza, kabla ya kuandika "tangazo", jiulize: ni amri, ni habari, au ni biashara? La pili, kabla ya kuandika "udhibiti", taja ni jambo gani, kwa mamlaka ya kifungu gani. La tatu, tenga "aweza" na "lazima". Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, yasema kwamba neno la kuweza humwachia afisa hiari, bali neno la lazima halimwachii. Afisa akipewa hiari, usimwandikie mwananchi kana kwamba mlango umefungwa.

Mtu wa kijijini hana kitabu cha sheria nyumbani kwake. Kitabu chake ni ile karatasi uliyoibandika wewe ubaoni. Na tuiandike kwa uangalifu.