Daraja, foleni na siasa: uliza kabla ya kupiga makofi

(Nilizungumza haya na vijana wa Kibera na Kawangware. Nimeyakata vipande, soma polepole.)

1. Wenzangu, kwenye midahalo daraja huwa ni bilioni ngapi na limezinduliwa na nani. Mbona hakuna anayeuliza linabeba nini, na nani anapiga hesabu?

2. Daraja hubeba uzito wake lenyewe, halafu na wa wanaopita. Huo wa pili hubadilika kila saa. Kwenye daraja refu, foleni ni balaa: matatu, basi na lori la mchanga, zote zimebanana juu kwa wakati mmoja.

3. Sasa funga leni. Magari yanasukumwa upande mmoja. Mkandarasi naye anarundika kokoto na mashine pale palipofungwa. Hayo yalitokea Minneapolis, Marekani, tarehe 1 Agosti 2007. Daraja la I-35W lilikuwa na leni nane, nne zimefungwa kwa ukarabati, na juu yake zaidi ya tani 250 za vifaa. Liliporomoka jioni, saa ya foleni. Watu 13 walikufa. Uchunguzi ulionyesha mabamba ya chuma ya kuunganishia yalikuwa membamba tangu lilipochorwa. Kosa la karatasini lilingoja mzigo wake miaka 40.

4. Hapa kwetu, daraja la Sigiri, Budalang'i, lilianguka 26 Juni 2017 kabla hata halijafunguliwa, siku chache tu baada ya viongozi kulizuru. Hapo huwezi kusingizia malori.

5. Lakini malori nayo yana sheria. Ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 inaruhusu hadi tani 56, ila kwa gari la ekseli saba. Uzito uleule kwenye ekseli chache unaumiza zaidi. Kwa hivyo mtu akikwambia "ni malori tu" ama "ni mkandarasi tu", amekupa nusu ya hesabu.

6. Na usiseme hayo ni ya barabara kuu. Vivuko vya Mto Ngong pale Kibera havipiti lori, ila asubuhi watu na mikokoteni hujazana, na mvua ikija maji yanakula udongo chini ya misingi. Umati pia ni mzigo.

7. Basi mgombea akija Kawangware na ahadi ya daraja, muulize: Litakuwa la nani: KeNHA, KURA ama kaunti? Litakaguliwa kila baada ya muda gani? Leni ikifungwa, vifaa vitawekwa wapi, na mhandisi gani ataweka sahihi?

8. Kwa madaraja yaliyopo, usingoje kampeni. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba ripoti ya ukaguzi, na ofisi inafaa kuamua ombi lako ndani ya siku 21. Andika barua, weka nakala, tuma. Utepe hukatwa siku moja. Sisi tunavuka kila siku.